Tumbo likikushika katikati ya maji

Assalaam aleikum jamaa zangu. Haya ni maneno niloyasema alasiri ya tarehe 25 Julai pale Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, kwa wazazi na vijana wanaoogelea. Wengi hamkuweza kuja, wengine mlikua baharini, wengine mko Mombasa, na mmeniomba niyaandike, basi nimeyaandika yote kama yalivotoka. Ile michoro niloibandika ukutani ndio nimeiacha.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mlokaa hapo mbele na nywele bado hazijakauka, assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ahsanteni kwa kuja na jua hili. Sitawaweka sana, manake maji yanaanza kujaa na najua wengine macho yenu yashafika jeti.

Leo ni tarehe 25 Julai. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa walipitisha kwamba tarehe hii iwe siku ya dunia nzima ya kuzuia watu kuzama. Na Shirika la Afya Duniani linasema mwaka huo huo wa 2021 watu kama 300,000 walikufa maji, laki tatu jamani, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni watu wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu hii. Na sisi ni watu wa kisiwa. Mtoto wetu akitoka mlangoni akapita vichochoro viwili vitatu ashafika pwani. Tusipoijua sisi habari hii, nani ataijua?

Sasa mimi sikuja kuzungumza juu ya kuzama kote. Nimekuja na jambo moja, tumbo. Lile tumbo linalokushika ushatoka mbali na ufuo, ghafla, hapa chini ya mbavu, linachoma hata pumzi huwezi kuivuta. Nani hapa anaogelea na hajawahi kushikwa? Inueni mikono. Naona mikono michache sana. Basi hili ni letu sote.

Na kila likitokea, tunasema nini? Tunasema alikula akaingia majini. Au tunasema kuna kitu kilimvuta. Tukishasema hivo tumemaliza, tunarudi majumbani, na mtoto anaefuata haambiwi lolote la kumfaa siku yake ikifika. Hilo ndilo linaniuma mimi, ndio maana nimeomba nafasi hii.

Nianze na chakula, manake najua ndicho mnachokingojea.

Idi moja, si zamani, kijana wa mtaa wa Langoni alikwenda pwani ya Shela na wenzake. Idi mnaijua, biriani haliliwi nyumba moja. Akala kwao, akala kwa shangazi yake, akapita kwa rafiki yake akapewa kaimati na juisi ya ukwaju, na njiani akanunua soda. Wamefika Shela wakaanza kushindana kuogelea mpaka kwenye mashua ilokua imetia nanga. Nusu ya njia tumbo likamshika upande wa kulia. Alifanya nini? Alifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya, akasimama wima ndani ya maji, akainua kichwa, akaanza kuyapiga maji kwa mikono miwili huku anapiga kelele, na ukipiga kelele majini mdomo uko wazi, akanywa maji ya chumvi, akakohoa, akanywa mengine. Mungu ni mkubwa, mlikua na baharia ndani ya ile mashua akamtupia kamba. Kijana akavutwa juu, akalazwa kwenye mbao, na kabla hawajamrudisha ufuoni lile tumbo lilikua lishaacha. Mnaniskia? Lishaacha lenyewe, bila dawa. Uchungu wote ule ulikua wa dakika chache tu, lakini lau kamba haikuwepo, zile dakika chache zingetosha kummaliza.

Mji mzima ukasema nini? Biriani.

Hili neno la kungoja saa nzima baada ya kula ni la zamani, na si la kwetu peke yetu. Baden-Powell, yule mwanzilishi wa maskauti aliyezikwa hapa hapa Kenya, Nyeri, mwaka 1941, aliwaandikia vijana mwaka 1908 kwamba ukiingia majini kabla ya saa moja na nusu kupita tangu kula, kuna hatari kubwa misuli ikukaze ushindwe hata kusogeza mkono, uende chini. Maneno yakaenea, yakaingia mashuleni, yakaingia majumbani, leo hata yule asojua skauti ni nini anamwambia mwanawe hivo hivo. Na watu wakayatafutia sababu, wakasema ukila damu yote inakimbilia tumboni kusaga chakula, mikono na miguu inabaki haina kitu. Sasa fikirini wenyewe. Ni kweli damu huongezeka tumboni mtu akila, lakini haihamii yote huko, mwili una damu ya kutosha kazi zote mbili. Ingekua vile wanavosema, mahamali wetu pale jeti wangeanguka mmoja mmoja kila baada ya chakula cha mchana, na nyinyi mnawaona wanakula ugali na samaki wao kisha wanabeba magunia ya saruji juu ya ubao wa jahazi bila kuyumba.

Mwaka 2011 jopo la wataalamu la Msalaba Mwekundu wa Marekani walikaa wakalipitia suala hili, wakatafuta ushahidi kwamba kula kabla ya kuogelea kunachangia mtu kuzama. Hawakuupata.

Ngojeni, ngojeni, msiondoke hapa mkasema fulani katuruhusu kula sinia la biriani na kuruka majini. Sikusema hivo! Tumbo lilojaa linaleta kichomi, yaani ule uchungu wa ghafla chini ya mbavu, hilo wataalamu wameliona mara nyingi. Tumbo likiwa zito linavuta na kusuguana na ule utando mwembamba ulotandikwa ndani ya ukuta wa tumbo, na ule utando una hisia kali sana. Na kitu kimoja ambacho hatukifikirii, vinywaji vitamu. Watafiti waliwapa watu vinywaji mbali mbali kabla ya mazoezi, na juisi yenye sukari nyingi ikaleta kichomi zaidi kuliko maji matupu. Kinywaji kizito cha sukari kinakawia tumboni. Kwa hivo yule kijana wa Idi, kama mnataka kulaumu, msilisahau lile chupa la soda na ile juisi ya ukwaju alivovinywa kabla ya kuingia majini.

Basi mimi nasema hivi. Chakula kikubwa, biriani, pilau, wali wa nazi na mchuzi, kikitangulia, na wewe unataka kuogelea kwa nguvu, masafa, mashindano, ngoja kama saa mbili. Hamri moja au ndizi, hapana shida, pumzika kidogo uende. Maji ya kunywa, kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, sio chupa nzima kwa mkupuo ukiwa ushavua shati. Na mtoto mdogo anaecheza pale maji yanapomfika magotini, mama, usimkalishe mchangani saa nzima analia kwa sababu amekula kipande cha mkate. Kaa nae tu, macho yako yawe kwake, hilo ndilo la kumlinda.

Sasa kama si chakula peke yake, ni nini?

Kule Australia watafiti wawili, Morton na Callister, waliwauliza watu 965 wa michezo sita tofauti, wakatoa majibu mwaka 2000. Waliwauliza, mwaka huu ulopita umeshikwa na kichomi ukiwa mchezoni? Waendesha baiskeli walosema ndio walikua 32 katika kila mia. Wakimbiaji 69. Waogeleaji? 75. Waogeleaji ndio waliongoza wote! Na hapa kuna jambo la kutafakari, manake wako waliokua wakisema kichomi kinatokana na matumbo kurukaruka mtu anapokimbia. Haya, ndani ya maji matumbo yanarukaruka wapi? Umelala, maji yamekubeba. Kwa hivo ile sababu haitoshi.

Wengine wanasema ni dayaframu, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ndio unaochoka. Wengine wanasema ni ule utando nilowatajia. Mpaka leo wanabishana. Lakini ukiangalia vile mtu anavoogelea unaona kwa nini tumbo linateseka. Kila ukirusha mkono kiwiliwili kinajipinda, huku na huku, mamia ya mara. Kila ukipiga mguu, misuli ya tumbo ndio inayoushika. Na juu ya hayo yote, pumzi huipati unapotaka, unaipata pale mdomo unapotoka nje ya maji.

Na hapa kwenye pumzi nataka nikae kidogo, manake hapa ndipo naona vijana wetu wengi wanapopotea.

Kulikua na kijana wa mtaa wa Mkomani anajitayarisha kwa mashindano ya kuogelea ya wakati wa Maulidi. Mwenye nguvu, mikono mirefu, nyote mngempa ushindi. Lakini kila siku akifika mahala fulani, kichomi. Akaacha kula asubuhi kabisa, kichomi. Akapewa dawa za kunywa, kichomi. Mimi nikakaa pale ukingoni nikamtazama tu, sikumwambia kitu. Anaruka hajapasha mwili hata kidogo, anaanza kwa nguvu zote kama mashindano yanaishia hapo hapo, na kichwa chake kikiwa ndani ya maji hapumui nje, anaibana. Akigeuza kichwa anataka kufanya yote mawili kwa mara moja, atoe hewa na avute nyingine, na muda ule ni mdogo hautoshi. Kwa hivo hewa mbaya inabaki ndani, anaongeza juu yake, pumzi juu ya pumzi, kifua kimejaa na bado anaona hana hewa. Na nyingine anaimeza, inakwenda tumboni, tumbo linavimba gesi.

Tulifanya nini? Tulimrudisha kwenye maji ya kiunoni, jitu zima lile, tukamwambia tia uso ndani utoe mapovu. Polepole. Toa mapovu mpaka kifua kiwe chepesi, geuza kichwa, vuta, rudisha uso, toa mapovu. Kisha apashe mwili kwanza nchi kavu, azungushe mabega, ajipinde kiuno, aingie majini aende polepole kabla ya kuongeza mwendo. Na jioni mazoezi ya tumbo na mgongo kule nyumbani. Hakikuondoka siku moja, lakini kile kichomi kilipungua wiki kwa wiki mpaka akawa anamaliza masafa yake bila kukiona. Sikilizeni vijana, kama utachukua neno moja tu kutoka kwangu chukua hili, toa pumzi ndani ya maji. Toa pumzi ndani ya maji!

Kuna na ule mkazo wa misuli wenyewe, msuli unajikaza ukawa mgumu kama jiwe, aghalabu shavu la mguu au wayo, saa zingine hata msuli wa tumbo. Huu watu wanausemea chumvi. Utaona mtu analamba chumvi kabla ya kuingia. Maji na chumvi vina umuhimu wake ukitoka jasho jingi, sikatai, jua letu mnalijua. Lakini daktari mmoja wa Afrika Kusini, Martin Schwellnus, amelifuatilia jambo hili miaka mingi, na tangu mwaka 1997 yeye na wenzake wamekua wakisema sababu kubwa ni msuli kuchoka, ukishachoka sana mishipa ya fahamu inayouamrisha inaukaza na haijui kuulegeza. Kwa hivo yule hakufanya mazoezi mwaka mzima kisha siku ya mashindano anataka kuvuka, huyo hata alambe chumvi yote ya viwanda vya Gongoni, msuli utamkaza. Na wewe ulokesha na miraa, hukulala, hukula, maji hukunywa, unafika ufuoni saa nne unajiona una nguvu, zile sio nguvu ndugu yangu. Usiingie maji marefu siku hiyo. Ya pombe sitaki hata kuyasemea, mtu alolewa na bahari havikai pamoja.

Haya. Sasa tufike pale ninapotaka kufika.

Umekula sawa, umepasha mwili, unapumua vizuri, na bado limekushika. Manake litakushika siku moja, tusidanganyane. Ufanye nini?

Kuna mzee wetu mmoja, mvuvi wa kamba, wale wa kuliwa, mpiga mbizi wa tangu zamani, alinihadithia. Siku hiyo alikua peke yake upande wa Ras Kitau, amepiga mbizi tangu alfajiri, amechoka, na maji yalikua ya bamvua yanapwa. Ule mkondo wa baina ya Shela na kisiwa cha Manda siku za bamvua mnaujua, maji yote yale yalojaa yanataka kutoka kwa mlango ule mmoja kwa muda wa saa sita. Alipotoka juu kuvuta pumzi tumbo likamshika, na mguu nao ukakaza. Akaniambia, "Mwanangu, nilijua nikipigana nimekufa." Basi akaliacha fuko la kamba lizame, akalala chali. Masikio ndani ya maji, uso juu, mikono ameitanua, akaanza kupumua polepole anamtaja Mola wake. Mkondo ukamchukua, akauacha umchukue. Akakibonyeza kile kichomi kwa vidole hapa chini ya mbavu, akitoa pumzi ndefu kwa mdomo. Tumbo likalegea. Kisha akaukunja mwili, akashika vidole vya mguu akavivuta kuelekea gotini mpaka shavu la mguu likalainika. Alipopata nafuu akageuka, hakushindana na mkondo, akakata upande upande mpaka akafika nchi kavu mbali sana na alipoacha nguo zake. Alitembea kurudi.

Mnaona tofauti yake na yule kijana wa Idi? Uchungu ni ule ule. Nasema tena, uchungu ni ule ule! Mmoja alisimama wima akapigana na maji, mwingine alilala. Maji ya bahari yana chumvi, yanakubeba kuliko maji ya kisima, na kifua chako kikiwa na hewa kinaelea chenyewe. Ukiinua kichwa na mikono juu ya maji, kiwiliwili kinazama, huo ndio mwili ulivo. Ukirudisha kichwa nyuma ukaachia maji yakufike masikioni, mdomo na pua vinabaki juu. Hiyo inatosha, huhitaji zaidi ya mdomo na pua.

Kwa hivo limekushika, kwanza acha kuogelea. Acha kabisa, hata kama ufuo unauona pale. Lala chali. Vuta pumzi kwa tumbo, itoe ndefu, midomo imekaribiana kama unapuliza chai. Bonyeza pale panapochoma. Inua mkono mmoja uite wenzako, mmoja tu, mwingine ukusaidie kuelea. Likilegea rudi nchi kavu polepole, kwa mgongo ukitaka, na siku hiyo usirudi tena majini kwa nguvu, manake likishashika mara moja halikawii kurudi.

Sasa swali langu kwenu wazazi. Mnawapeleka watoto pwani, mnawaona wanaruka jeti kwa kichwa, mnafurahi mnasema huyu ashajua kuogelea. Je, mtoto wako anajua kulala chali? Muulize leo usiku. Amwambie baba yake. Watoto wetu wengi wanajua kwenda mbele kwa kasi na hawajui kutulia, na bahari inamtaka ajue yote mawili. Na hili si jambo la kusimuliwa tu, ni lazima mwili uwe ushalifanya mara nyingi wakati hakuna uchungu, ndipo utalikumbuka wakati wa uchungu. Hofu ikiingia mtu hafikiri, anafanya kile mwili ulichozoea.

Na wasichana. Nayasema haya mbele ya wazee wangu kwa heshima zote. Binti zetu wanapanda boti kila siku kwenda Manda, kwenda Pate, kwenda Mokowe, na hawajui kuelea. Boti ikipinduka haiulizi huyu mume au mke. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya stara toka kichwani mpaka miguuni, wanafundishwa na wanawake wenzao. Ni Waislamu kama sisi, ni pwani kama yetu. Sisi tunashindwa na nini?

Kuhusu kumuokoa mtu ntasema haraka. Ukimuona mwenzako ameshikwa usimrukie, manake alopagawa atakukumbatia mtakwenda chini wawili. Mtupie kitu. Kila anaekwenda kuogelea na watoto achukue dumu tupu la lita 10 au 20, kifuniko kikazwe, na kamba ndefu ifungwe kwenye mkono wa dumu. Dumu hilo liko kila nyumba ya Lamu, halinunuliwi. Litupe, mwambie alishike kifuani, vuta. Na mtu akitolewa hapumui, usimpindue kichwa chini wala usimkamue tumbo maji yatoke, mnapoteza wakati. Mlaze chali, apuliziwe pumzi mdomoni na kifua kigandamizwe, huku mwingine anatafuta boti ya kumpeleka hospitali. Hilo tutalifundisha kwa vitendo, halifundishwi kwa mdomo.

Jambo la mwisho kabla ya maswali. Si kila tumbo la majini ni kichomi. Kuna mtoto alitoka kuogelea akilalamika tumbo, wakasema amekunywa maji ya bahari. Wakampa tangawizi. Usiku likahamia chini upande wa kulia, akatapika, homa ikapanda, na bahati njema mama yake hakusubiri asubuhi. Kilikua kidole tumbo, akapasuliwa, leo mzima yuko hapa kati yenu. Kichomi ukipumzika kinaondoka kwa dakika chache, labda pabaki pa kuuma uma siku moja mbili ukipagusa. Likizidi saa, likiwa na homa, kutapika, tumbo gumu ukiligusa, nenda hospitali ya King Fahd. Na wewe mtu mzima, maumivu yakiwa ya juu, kifuani, yanapanda taya au mkono wa kushoto na jasho la baridi, hilo usiliite kichomi, huenda ni moyo. Toka majini uende hospitali saa ile ile.

Hapa watu waliuliza, na maswali mawili nimeona niyaandike na majibu yake.

Mama mmoja aliuliza kama binti akiwa kwenye siku zake kuogelea kutamzidishia maumivu ya tumbo. Nilimjibu, mama yangu, maumivu yale yanatoka kwenye mfuko wa uzazi, sio kichomi, na maji hayayazidishi. Wengine hata hupata nafuu wakijinyoosha na kutembeza mwili. Akijiskia vibaya apumzike, akijiskia vizuri hakuna cha kumzuia kiafya.

Na kijana mmoja aliuliza kuhusu Ramadhani, manake wengi wanakwenda kujipoza alasiri. Nilimwambia, kujipoza maji ya kifuani karibu na wenzako ni sawa, lakini mashindano na kuvuka usifanye, mwili hauna maji wala chakula na msuli unachoka upesi. Baada ya futari nako usirukie, umetoka kula kwa njaa na umekunywa sharbati nyingi, na giza linaingia. Subiri asubuhi ya mapema baada ya daku kuteremka tumboni, maji yakiwa yametulia.

Tumekubaliana mafunzo ya kulala chali na kutoa pumzi yaanze Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti. Sasa hivi kusi limechachamaa, kwa hivo hatutakwenda upande wa mlango wa bahari, tutafanya maji ya ndani yalotulia, saa nitaitangaza kulingana na kujaa kwa maji. Wavulana kivyao, wasichana kivyao, na kina mama walokubali kuwasimamia wasichana washajitoa, Mungu awalipe. Kila mtoto aje na mtu mzima mmoja wa nyumbani kwao, chupa ya maji ya kunywa, leso ya kujifutia, na dumu lake lenye kamba. Majina niandikieni kuanzia leo.